Madigadi ya Kushoto

Jumamosi. Umeme umekatika Gungu tangu saa mbili,
kwa hiyo grainda ya kuazima imelala juu ya gunia
na mimi nina msasa namba themanini, brashi ya waya,
na mikono hii iliyozoea chaki.

Nimeanza kwa kugonga.
Kitako cha bisibisi, taratibu, toka taa hadi mlangoni:
ti, ti, ti. Hapa bati zima, linajibu.
Kisha pu.
Pu, kama unagonga papai.
Nimechora duara. Maduara yamefika tisa.

Watu wa pwani wana bahari ya kuisingizia.
Ziwa letu ni maji baridi, halina hatia.
Pijo hii imeliwa na chumvi ya Uvinza,
magunia miaka kumi na minne, Uvinza hadi Kasulu,
masika tope, kiangazi vumbi jekundu,
chumvi ikivuja kwenye mshono wa gunia,
ikijipenyeza pale ambapo ufagio haufiki.
Tulisomeshwa na chumvi hiyo, sote watano.
Ilitulisha huku inalila gari.

Darasani naandika ubaoni: chuma, maji, hewa;
chumvi haianzishi, chumvi inaharakisha.
Wanafunzi wananakili. Hakuna aliyewahi kuuliza
kutu ina harufu gani.
Ni ya sarafu iliyofumbatwa njia nzima
na mtoto aliyetumwa dukani.

Rangi inabanduka: nyeupe,
chini yake bluu, ile bluu iliyonipeleka bweni,
chini yake kijani nisiyoijua.
Kisha puti, nene kama ugali wa kiporo.
Nikatia tindo, kikang'oka kipande kizima,
na nyuma yake
gazeti.
Limekunjwa, limeshindiliwa tunduni kwa kidole:
bei ya kahawa, matokeo ya mpira, tangazo la msiba.

Baba! Kumbe.
Wewe uliyenichapa
kwa kuficha tundu la sketi kwa pini!
Nikasoma tarehe. Naijua ile wiki.
Ndiyo wiki Ntahondi alipokuja kuiona gari:
akaizunguka mara mbili, akagonga kwa pete yake,
akaondoka bila kumaliza chai.
Ada yangu ikalipwa na mbuzi.

Nimecheka peke yangu hapa uani. Halafu sikucheka.

Ruhaga, anayelehemu mageti, kachungulia ukutani:
"Mwalimu, paka puti, piga rangi, uza."
Sitaki.
Nakata mpaka bati ling'ae, mpaka lilie,
na kila nikidhani nimefika ukingoni
ukingo unasogea kidole kimoja.
Tundu lililokuwa la ukubwa wa shilingi
sasa linapitisha mkono hadi kiwiko.
Kuku wa Ruhaga katoa kichwa humo, akanitazama
kama mwenye nyumba.

Chini ya mlango, ndani kabisa, bonge la chumvi:
kijivu, gumu kama jino.
Nimelilamba. Bado kali.
Nikalimwagia maji, ndoo ya kwanza, ya pili,
mpaka likaisha lote, kwani chumvi
haikumbuki ilimsomesha nani.
Nikafuta. Nikaliacha jua likaushe.

Kiraka nimekikata ubavuni mwa friji lililokufa,
kipimo cha boksi la madaftari.
Saa kumi na moja mtaa mzima ukapiga kelele: umeme!
Ruhaga akavuta waya juu ya ukuta,
akashona nukta, akasubiri ipoe, akashona nukta,
"ukiharakisha bati linajikunja," akasema,
yeye aliyetaka nipake puti.

Praima nimepaka kwa tochi ya simu.
Nyeupe niliyonunua haifanani na ile ya zamani,
iliyoingia umanjano wa meno ya mvuta tumbaku.
Basi. Itajulikana hapa paliguswa.

Gazeti liko dirishani, linakauka chini ya jiwe.
Maduara yamebaki manane.